Tulivyopanga ukumbi wa dhifa kwa kufuata picha ya White House

Kazi ilianza na picha kwenye simu. Mteja wetu, taasisi ambayo sitaitaja, alikuwa na ukumbi mpya mtupu karibu na bahari, na alitaka uweze kupokea wageni wa kitaifa. Picha yenyewe ilikuwa ya ukumbi wa dhifa wa White House, Ikulu ya Marekani: kuta nyeupe, taa kubwa ya dhahabu katikati, Abraham Lincoln juu ya meko, meza zimefurika maua. "Tufanyieni hivi hivi," akasema mama aliyekuwa akisimamia mradi. Tukakubali, tukapiga hesabu kwa kuitazama ile picha, na hasara zetu zote zilianzia hapo.

Tulichokuja kukijua tukiwa tumeshachelewa ni kwamba ukumbi ule umerekebishwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Karibu kila kitu kinachoonekana mle kimewekwa baada ya kingine kushindwa au kuchosha watu. Sisi tulinakili kilichoonekana bila kuuliza kwa nini kiko vile.

Nianze na nafasi, maana ndiyo iliyotuumbua kwanza. Ukumbi wa White House una urefu wa mita 14.6 hivi na upana wa mita 11, yaani kama mita za mraba 160, na hubeba wageni 140 ukijazwa kabisa. Gawanya: kila mgeni anapata mita ya mraba 1.15 hivi, humo humo ikiwemo njia ya mhudumu. Wa kwetu ulikuwa mita 13 kwa 9, sawa na mita za mraba 117, tukasema kwa uwiano ule ule watu 100 wanaingia. Kwenye karatasi waliingia. Siku ya kupanga meza za majaribio tukakumbuka nguzo nne na milango miwili inayofungukia ndani, na kila mlango ulikula nafasi ya meza nzima. Tuliishia watu 80, na hiyo ni baada ya kugeuza milango ifungukie nje. Laiti tungepima sakafu inayobaki baada ya kutoa nguzo, milango na njia ya kwenda jikoni, tungeyajua hayo kabla ya kuagiza hata ubao mmoja. Sasa tunahesabu mita ya mraba 1.5 kwa mgeni kwenye hiyo sakafu inayobaki. Ikishuka chini ya 1.2 tunamwambia mteja apunguze orodha.

Wenyewe kule waliipata nafasi kwa kubomoa. Mpaka mwaka 1902 ukumbi ule ulikuwa mdogo kuliko unavyoonekana leo. Rais Theodore Roosevelt alipoingia, mbunifu wake wa majengo Charles McKim aliondoa ngazi iliyokuwa upande wa magharibi ili kuupanua. Na wageni wakizidi 140 hawabanwi, wanahamishiwa kwingine. Wakenya wanaweza kulinganisha: Rais Mwai Kibaki alipoandaliwa dhifa ya kitaifa Oktoba 2003, watu walikula ndani ya ukumbi huo, lakini Rais William Ruto alipoandaliwa yake Mei 2024, wageni walikuwa mamia, ikabidi lisimamishwe hema kubwa kwenye bustani ya kusini.

Meza za duara nazo zina historia. Zamani walipanga meza ndefu moja inayozunguka ukumbi kama kiatu cha farasi. Jacqueline Kennedy, mke wa Rais Kennedy, ndiye aliyeleta mtindo wa meza za duara za watu wanane hadi kumi, watu wakaanza kuzungumza badala ya kutazama migongo ya wahudumu. Meza ya watu wanane iwe na kipenyo cha sentimita 150, ya watu kumi 180. Kati ya ukingo wa meza moja na ukingo wa nyingine acha sentimita 150: mtu aliyeketi anachukua kama 45 kila upande, zinabaki 60 za kupita mhudumu mwenye sinia. Sisi tuliacha 120, na supu ikawa inapita juu ya vichwa vya watu.

Meza kuu ilikuwa kosa lililotugharimu zaidi kwa mkupuo mmoja. Kwenye picha nyingine mteja aliona lile pambo maarufu la mezani la Rais James Monroe, ambalo ni kama sinia refu la kioo lenye kingo za shaba iliyopakwa dhahabu, lililoagizwa Paris mwaka 1817 kwa mafundi Denière na Matelin. Lina vipande saba, na vyote vikiunganishwa lina urefu wa mita 4.4. Kioo kile kiliwekwa kwa sababu ya mishumaa: kinaurudisha mwanga juu, usoni mwa wageni. Tukatengeneza la kwetu, kioo cha upana wa sentimita 40, tukaliweka kwenye meza yenye upana wa mita moja. Toa 40 kwenye 100, zinabaki 30 kila upande. Sahani ya chini, ile pana inayokaa kama pambo, ina sentimita 31.

Ilikuwa saa kumi jioni tulipopanga kiti kimoja cha majaribio. Sahani ikatokeza nje ya ukingo wa meza. Glasi ya maji ikasimama juu ya kioo, glasi ya juisi ikafuata, na uma wa kitindamlo ukawa umelala nusu kwenye mbao na nusu kwenye shaba, unacheza kila meza ilipoguswa. Mama msimamizi akausukuma kwa kidole, ukadondoka. Hakusema neno, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Hesabu yetu sasa ni hii: kila upande wa meza unahitaji sentimita 45 za chakula, kwa hiyo meza ya mita 1.2 inaacha 30 za pambo, na ukitaka pambo pana zaidi, panua meza kwanza. Kila mgeni apewe sentimita 65 za urefu wa meza, na kama kiti kina mikono, 75. Maua yawe chini ya sentimita 30 au yapande juu ya 60 kwenye shina jembamba. Yakiwa hapo katikati, mgeni wa heshima atamaliza mlo wote akiongea na majani.

Sasa viti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu viti vilimeza zaidi ya nusu ya bajeti ya samani.

Kwenye picha za ule ukumbi ukiwa hauna shughuli unaona viti vizito vya mbao. Kwa miaka mingi vilikuwa vya mtindo wa Queen Anne, vilivyotengenezwa mwaka 1902. Mwaka 2015, wakati wa Obama, vililetwa vipya vya mahogani kutoka karakana ya Kittinger ya Buffalo, vikifuata umbo la viti ambavyo seremala William King wa Georgetown alimtengenezea Monroe mwaka 1818. Vile vipya vilikuwa 34. Rudia: 34, katika ukumbi wa watu 140. Viti vizito ni vya meza moja ya kila siku. Siku ya dhifa kubwa vinaondolewa, vinaingia viti vyepesi vyembamba vya dhahabu vinavyobebwa viwili viwili. Picha ya mteja haikuonyesha kwamba ukumbi una seti mbili za viti, nasi hatukuuliza. Tulichonga viti 100 vizito vya mkangazi, kila kimoja kilo 11, na watu 80 ndio wanaoingia. Vilivyobaki vimelala stoo, na stoo yenyewe ilibidi ijengwe.

Halafu mikono. Tuliichonga iwe na kimo cha sentimita 67 kutoka sakafuni, na ubao unaozunguka meza chini ya uso wake ulikuwa unaishia sentimita 65. Kiti hakiingii. Kila mgeni akawa anakaa mbali na sahani kwa kiasi cha kiganja na nusu. Tukakata mikono ya viti vya meza kuu kwa sentimita tatu, tukapiga msasa upya na polishi upya, na fundi yeyote anajua kwamba polishi ya pili hailingani na ya kwanza. Siku hizi tunaanza kwa kuchonga kiti kimoja na robo ya meza kwa mbao za bei rahisi, anakaa mtu mwenye mwili, ndipo tunaagiza mbao. Kimo cha meza ni 76 na cha kiti 46, lakini hiyo 46 ipimwe mtu akiwa amekaa, maana sponji laini hushuka sentimita mbili hadi tatu na mgeni mfupi anajikuta kidevu kiko jirani na supu.

Mbao zenyewe zilitulipiza. Mkangazi tuliununua ukiwa na unyevu wa asilimia 18, ukaingia ukumbi wenye viyoyozi ambamo mbao hushuka hadi 11 hivi. Uso wa meza ulikuwa umekazwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye fremu, hauna pa kwenda. Baada ya miezi miwili ukapasuka katikati, ufa wa milimita nne, unapitisha kadi ya mwaliko. Uso mpana wa mbao lazima uachiwe upumue. Shika kwa vibao vidogo vinavyoteleza kwenye mfereji, au toboa matundu marefu badala ya ya duara, na pima unyevu kwa kifaa cha pini kabla ya kulipa. Muuzaji atakuapia kwamba mbao ni kavu. Pima.

Kuta zilitupa tabu ndogo. Mwaka 1902 ukumbi wa White House ulivikwa mbao za mwaloni zenye rangi yake ya asili, ukutani vikatundikwa vichwa vya wanyama, na juu ya meko kikakaa kichwa cha moose, mnyama mkubwa wa Amerika Kaskazini mwenye pembe kama makasia. Jengo lilipofumuliwa ndani wakati wa Rais Truman, mbao zilirudishwa na kupakwa kijani hafifu. Wakati wa Kennedy zikawa nyeupe, na taa zilizokuwa za rangi ya fedha tangu 1902 zikapakwa dhahabu mwaka 1961. Kwa maneno mengine, weupe na dhahabu vilikuja pamoja. Sisi tulileta weupe wa gloss, ile rangi inayong'aa, na taa ya fedha kwenye ukumbi wenye vitasa vya dhahabu. Gloss ilirudisha mwanga wa taa machoni, na kila alama ya pasi ya mpiga lipu ikaonekana. Tumia rangi isiyong'aa kwenye kuta, ing'ae kidogo tu kwenye fremu za milango, na chagua metali moja itawale. Ukishatia taa ya kilo 90, kulabu yake ishikwe na zege la dari. Usiitundike kwenye jipsamu hata kama fundi wa jipsamu anakuhakikishia.

Meko tulikataa. Ndiyo, tuliombwa meko, kwenye ukumbi wa pwani, mwezi wa Februari. Lakini kisa cha meko ya White House ningependa kila mpambaji akijue. Marumaru yake ya kwanza ilikuwa na vichwa vya simba. Mwaka 1908 Roosevelt aliagiza simba waondolewe, ichongwe nyati wa Marekani. Mwaka 1945, chini ya Franklin Roosevelt, yakachongwa maneno ya John Adams kutoka barua aliyomwandikia mkewe Novemba 1800, akiomba nyumba ile ibarikiwe na itawaliwe na watu waaminifu na wenye busara tu. Matengenezo ya Truman yakaiondoa meko hiyo, ikaishia kwenye maktaba yake huko Missouri. Kina Kennedy wakachongesha nyingine inayofanana nayo mwaka 1962. Mnyama na maneno vina mwenyewe, na watu wa ukumbi wanajua ni nani.

Sisi hilo tulilijua kwa aibu. Katika ukumbi ule kuna meza za pembeni za mwaka 1902 zinazobebwa na tai wa kuchonga. Tukaagiza zinazofanana kutoka kwenye katalogi, mbili, mabawa yamefunuliwa, dhahabu tupu. Siku zilipofunguliwa kutoka kwenye makasha, mama msimamizi alisimama mbele ya mojawapo muda mrefu.

"Fundi, huyu tai ni wa nani?"

"Ni wa kwenye picha, mama."

"Picha ya Ikulu ya Marekani."

"Ndiyo, mama."

"Basi mrudishieni mwenyewe."

Hazikurudishika. Tuliziuza kwa theluthi ya bei, tukachonga mpya zenye miguu iliyonyooka na nakshi za maua kama za milango ya Zanzibar.

Picha ya ukutani ndiyo sehemu ambayo ukumbi ule unafundisha vizuri kuliko yote. Lincoln wa juu ya meko alichorwa na George P. A. Healy mwaka 1869. Ameketi peke yake, ameinama mbele, mkono kidevuni, kama anayemsikiliza mtu. Healy alikuwa ameshamchora hivyo hivyo mwaka 1868 katika picha kubwa ya kikao cha Lincoln na makamanda wake ndani ya meli mwishoni mwa vita, kisha akamtoa yeye tu na kumpa turubai yake. Rais Grant hakuichagua picha hii kwa ajili ya White House. Robert, mwana wa Lincoln, akainunua, na ilifika White House mwaka 1939 kwa wosia wa mjane wa Robert. Turubai ina kimo cha karibu mita 1.87 na upana wa 1.41. Ni moja, kubwa, yenye mtu mmoja, na mtu mwenyewe anasikiliza. Wageni 140 hawahitaji zaidi ya hapo.

Sisi tulitundika kumi na mbili. Picha za Tingatinga nne, mandhari tano, picha rasmi tatu, kila moja ikigombana na jirani yake. Tulipoziondoa na kuacha mbili, ukumbi ulionekana umeongezeka. Za Tingatinga huwa na rangi ya mafuta inayong'aa, hivyo zikikabili dirisha hazionekani ila kioo kitupu. Ziweke kwenye ukuta ambao dirisha liko ubavuni. Picha ya turubai isiegemee ukuta wa nje moja kwa moja, hasa pwani: weka vipande vya cork, lile gome la kutengenezea vizibo vya chupa, vya sentimita moja kwenye pembe za nyuma hewa ipite, vinginevyo ukungu utaanzia mgongoni na utauona siku umeshatokeza mbele. Tundika kwa kulabu mbili, si moja, isipinde kila mlango ukibamizwa. Mwanga wa taa yake usizidi lux 200 kwa kipima mwanga, na pua ya kiyoyozi isiielekee. Vinyago vya mpingo visikae chini ya kiyoyozi kabisa. Tulikuwa na kimoja cha Kimakonde, cha watu waliopandana, kilichotoka kwenye kibanda chenye joto na unyevu kikaingia kwenye baridi kavu. Kilipasuka wiki ya pili, kuanzia bega la mtu wa chini mpaka uso wa mtoto wa juu. Kingeachwa wiki kadhaa kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, kisha kikaingizwa taratibu, huenda kingenusurika.

Vyombo vina siasa yake. Nancy Reagan, mke wa Rais Reagan, aliagiza kwa kiwanda cha Lenox seti ya watu 220, vipande 4,370, vyenye ukingo mwekundu, kwa dola 209,508. Fedha zilitoka kwa wafadhili binafsi, lakini habari ilipotoka mwaka 1981 watu waligawanya wenyewe: zaidi ya dola 950 kwa kila anayekula. Kelele hazikuisha haraka. Ukiagiza vyombo kwa ajili ya taasisi ya umma, andika mapema nani analipa, na uweke bei ya kila kipande ambapo mkaguzi ataiona. Kwa idadi, ongeza asilimia 10 kwa sahani na 20 kwa glasi za miguu mirefu. Hizo huvunjikia kwenye kuosha kuliko mezani. Chagua pia ukingo ambao kiwanda kitaendelea kuutengeneza. Sisi tulipata ukingo wa kijani ulioacha kutengenezwa mwaka uliofuata, na sasa kila sahani inayovunjika inapunguza mgeni mmoja.

Orodha ya mali tuliifanya mwisho, na ilipaswa kuwa ya kwanza. Mwaka 1882 Rais Chester Arthur aliuza kwa mnada samani za White House za kujaza magari 24 ya farasi, na hapakuwa na wa kumzuia. Ilipofika 1961 ndipo sheria ilipofanya vitu vya kihistoria vya nyumba ile kuwa mali ya kudumu ya taifa, na visivyotumika vikawa vya kutunzwa na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa hilo. Orodha yetu ina namba kwa kila kiti, iliyopigwa kwa chuma cha moto chini ya kikalio kwa sababu stika hubanduka, picha ya mbele na ya chini, jina la aina ya mbao, kopo la polishi iliyotumika pamoja na namba yake, na kitambaa cha kutosha kuvalisha viti kumi upya. Kitambaa hicho kimeviringishwa kwenye bomba, hakikukunjwa, na kimewekwa juu ya kabati mbali na dirisha. Funguo za hilo kabati ni mbili: moja anayo mama msimamizi, nyingine iko kwa mtunza stoo.